Je, Wajua? Jicho Nalo Linasikiliza Homoni

Sogea, msomaji wangu, benchi lina nafasi. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,346,674 Temeke na 982,328 Kinondoni, hapa Dar es Salaam. Piga hesabu ya macho: zaidi ya milioni 4 na laki 6! Na kila jicho hapo, kuanzia la bibi wa Mbagala hadi la mtoto wa Bunju, linapokea amri kutoka kwenye homoni.

Je, wajua kwamba kope zako zina tezi za mafuta? Kope ya juu ina tezi 25 hadi 40, ya chini 20 hadi 30, na kila unapopepesa zinamwaga mafuta juu ya machozi yasikauke. Mjerumani Heinrich Meibom alizieleza mwaka 1666, na mpaka leo zinaitwa tezi za Meibom.

Sasa nani anaziamuru tezi hizo? Homoni za kiume! Ukoo wa testosteroni ndio unaozihimiza zitoe mafuta, kwa baba na kwa mama. Ndiyo, dada yangu, nawe unayo testosteroni mwilini. Ni kidogo, lakini ina kazi.

Shika na hili: jicho kavu ndilo linaloweza kutoa machozi mengi! Mafuta yakipungua machozi hukauka upesi, jicho linachoma, ubongo unashtuka na kuamuru maji yamwagike. Yule jirani anayefuta machozi kutwa, hajaudhiwa na mtu wala hana msiba, huenda macho yake ni makavu.

Na sasa tuje kwenye habari iliyonileta. Je, wajua kwamba mtu anayebadili jinsia kwa homoni, macho yake nayo yanapata taarifa? Chukua mwanamke aliyezaliwa na mwili wa kiume, anayetumia estrojeni pamoja na dawa ya kuzuia testosteroni. Matiti yanakua, ngozi inalainika, na kule kwenye kope amri ya kutoa mafuta inapungua. Macho yanaweza kuanza kuwasha, kuchoma, na kuona ukungu unaotoweka akipepesa mara mbili tatu.

Unadhani ni yeye peke yake? Hapana! Mwaka 2001 watafiti wa Marekani walitangaza matokeo ya wanawake 25,665 waliofuatiliwa, wote wakiwa wamekoma hedhi. Waliotumia estrojeni pekee walikuwa na uwezekano wa macho makavu uliozidi wa wenzao kwa 69%. Waliochanganya estrojeni na projesteroni, ulizidi kwa 29%.

Na wazee wetu wa tezi dume je? Saratani ya tezi dume mara nyingi hutibiwa kwa kuzima testosteroni, na tiba za saratani hapa jijini zinatolewa kwenye hospitali ya Ocean Road. Dawa hizo zinapozima testosteroni, tezi za kope nazo zinapoteza mhimizaji wake. Kwa hiyo babu wa Tandika anayetibiwa tezi dume na binti anayebadili jinsia wanaweza kukutana foleni moja ya macho, tena kwa malalamiko yale yale.

Je, wajua homoni hizi zilipatikanaje? Utacheka. Mwaka 1931 mwanasayansi Adolf Butenandt wa Ujerumani alipata miligramu 15 tu za homoni ya kiume, baada ya kuchakata lita 15,000 za mkojo. Mkojo wa nani? Wa polisi!

Bado hujasikia. Mwaka 1935, kule Amsterdam, watafiti walisaga kilo 100 za korodani za madume ya ng'ombe. Walichoondoka nacho ni miligramu 10 za testosteroni. Kilo mia moja, msomaji!

Na estrojeni? Kampuni zilianza kuikamua kutoka kwenye mkojo wa farasi jike wenye mimba, na dawa yake ikaingia sokoni Amerika Kaskazini mapema miaka ya 1940. Mamilioni ya kina mama wameimeza tangu hapo.

Usidhani kubadili jinsia ni mambo ya juzi. Daktari Magnus Hirschfeld alifungua taasisi yake Berlin mwaka 1919, na watu waliotaka kubadili jinsia walihudumiwa pale. Mwaka 1952 Mmarekani Christine Jorgensen, aliyetibiwa kwa homoni na upasuaji huko Copenhagen, akajaza kurasa za mbele za magazeti ya kwao.

Karibu na kwetu? Oktoba 2014 Mahakama Kuu ya Nairobi iliamuru baraza la mitihani la Kenya libadilishe jina kwenye cheti cha Audrey Mbugua, mwanamke aliyezaliwa na mwili wa kiume. Alama ya jinsia nayo iondolewe kwenye cheti hicho. Nairobi hiyo, si Ulaya.

Haya, turudi kwenye jicho. Je, wajua kwamba homoni haziwezi kabisa kukuondolea upofu wa rangi? Ule wa kuchanganya nyekundu na kijani umeandikwa kwenye kromosomu ya X, na vidonge havifuti maandishi hayo. Kwa watu wenye asili ya Ulaya Kaskazini wanao wanaume karibu 8 kati ya 100, na mwanamke 1 tu kati ya 200. Mwanamume mwenye hali hiyo akibadili jinsia, rangi zake zitabaki zile zile.

Lakini sikia maajabu ya upande wa pili. Upo ugonjwa wa kurithi wa mshipa wa fahamu wa jicho unaoitwa wa Leber, na mtoto anaurithi kwa mama tu, baba hahusiki kabisa. Wakiubeba wanaume 10, karibu 5 watapoteza uwezo wa kuona. Wakiubeba wanawake 10, ni 1 hivi! Kwenye maabara za Italia seli zilizowekewa estrojeni zilistahimili zaidi, na hapo ndipo watafiti walipoanza kuona homoni hiyo inalinda kitu.

Je, wajua kwamba kuna tezi ndogo kama punje ya kunde, ina uzito wa nusu gramu tu, inayoamuru homoni nyingi za mwili? Inaitwa pituitari, imekaa chini ya ubongo, na sentimita moja hivi juu yake ndipo mishipa ya macho yote mawili inapokutana na kupishana. Tezi hiyo ikivimba, inaisukuma mishipa.

Na ikiisukuma, unapoteza nini? Unapoteza pembeni! Mbele unaona vizuri kabisa, lakini kushoto na kulia panafifia. Dereva wa bodaboda mwenye hali hiyo anaona barabara ya Kilwa mbele yake bila shida, lakini daladala inayochomoka ubavuni haioni.

Dalili nyingine ya uvimbe huo ni ya kushangaza zaidi: matiti kutoa maziwa bila mtoto. Homoni inayozidi hapo ni prolaktini, na hata mwanamume anaweza kuipata. Ukiona maziwa yasiyo na mwana na ukungu wa pembeni, wewe si wa kusubiri wiki ijayo.

Kule Amsterdam watafiti walifuatilia wanawake 2,555 waliobadili jinsia, wakitumia estrojeni na wengi wao pamoja na dawa ya kuzuia homoni za kiume iitwayo siproteroni. Walikuta watu 9 wenye uvimbe wa prolaktini, na 8 wenye uvimbe wa utando wa ubongo, meninjioma. Ni wachache ukiwagawa kwa 2,555, lakini meninjioma hizo zilikuwa mara 4 ya zile zinazotarajiwa kwa wanawake wengine.

Kwa nini jicho linahusika? Kwa sababu meninjioma ikiota karibu na mshipa wa jicho, dalili ya kwanza inaweza kuwa kuona vibaya. Mwaka 2020 mamlaka ya dawa ya Ulaya ilibana matumizi ya siproteroni: miligramu 10 kwa siku au zaidi, kwa matumizi yake mengi, zitolewe pale tu njia nyingine zinaposhindikana.

Na kabla hujasema hayo ni ya wengine, mama yangu, sikiliza hili. Machi 2024 watafiti wa Ufaransa walichambua wanawake 18,061 waliopasuliwa meninjioma. Sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu, ikitumika mwaka mmoja au zaidi, ilihusishwa na uwezekano wa mara 5 na nusu ya wasioitumia. Usiikimbie kliniki! Uvimbe huo ni adimu sana, na kitanzi chenye homoni hakikuonyesha ongezeko lolote. Ila macho yakibadilika ghafla wakati unachoma sindano, mwambie nesi kabla hajakuchoma nyingine.

Turudi kwa wanaobadili jinsia, safari hii wanaume waliozaliwa na mwili wa kike. Je, wajua kwamba testosteroni huongeza chembe nyekundu za damu? Chembe zikizidi damu inakuwa nzito, na damu nzito inaweza kuziba mshipa mdogo wa damu nyuma ya jicho. Ndiyo maana madaktari hupima damu yao mara kwa mara, na sehemu ya chembe nyekundu ikipita 54% wanapunguza dozi au kuisimamisha.

Wapo pia wanaume hao walioripotiwa kupata presha ya maji ya ubongo baada ya kuanza testosteroni. Kichwa kinauma, masikio yanavuma kwa mapigo ya moyo, na ukiinama kufunga kamba ya kiatu giza linapita machoni kwa sekunde chache. Daktari akimulika nyuma ya jicho anakuta mshipa wa fahamu umevimba. Hiyo tiba yake haisubiri.

Na lipo tatizo la maji kujikusanya chini ya retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, ambapo mistari iliyonyooka inaonekana imepinda. Kwenye wilaya moja ya jimbo la Minnesota, Marekani, liliwapata wanaume karibu 10 kati ya 100,000 kila mwaka, na wanawake chini ya 2. Homoni inayolaumiwa zaidi ni kotisoli, ile ya msongo wa mawazo, na dawa za jamii yake. Hata testosteroni imewahi kutajwa kwa wagonjwa wachache.

Je, wajua dozi ya estrojeni kwenye kidonge cha majira? Mara nyingi ni mikrogramu 30, yaani vidonge hivyo zaidi ya milioni 33 vikusanywe ndipo upate kilo moja tu ya homoni hiyo! Kidogo hivyo, na bado kinaweza kugandisha damu kwa mtu ambaye mwili wake unaelekea huko.

Hapa nakaa kidogo, maana hapa pananiuma. Hospitali zetu za umma hazina kliniki ya homoni za kubadili jinsia, sheria ni kali na ulimi wa mtaani ni mkali. Mahali palipo hivyo, duniani kote, wapo wanaojinunulia vidonge vya majira na kumeza viwili vitatu kwa mara moja. Aina ya estrojeni iliyomo humo ndiyo wataalamu wa kimataifa, kwenye mwongozo wao wa 2022, wanasema isitumike kwa kazi hiyo, kwa sababu ya hatari ya damu kuganda. Damu ikiganda kwenye mshipa wa retina, jicho moja linaweza kuingia giza bila maumivu yoyote.

Bila maumivu! Umelisikia hilo? Watu wengi husubiri liume ndipo waende.

Unakijua kipandauso? Wanawake wanakipata mara 3 ya wanaume, na estrojeni inayopanda na kushuka ni mchochezi mkubwa. Kuna aina inayoanza na miale ya zigizagi machoni, dakika 20 hivi, kabla kichwa hakijaanza kupasuka. Mwenye aina hiyo, Shirika la Afya Duniani linasema asipewe kabisa vidonge vya majira vyenye estrojeni. Je, ulipopewa vyako uliulizwa?

Je, wajua kwamba mimba inabadilisha jicho? Konea, kile kioo cha mbele chenye unene wa nusu milimita tu, inanyonya maji na kunenepa kidogo. Mama anaweza kuona miwani yake ya zamani haimfai. Asikimbilie kununua mpya: wiki chache baada ya kujifungua mambo mara nyingi hurudi yalivyokuwa.

Na mimba hiyo hiyo hushusha presha ya jicho. Presha ya kawaida ni kati ya milimita 10 na 21 za zebaki, na kwa mjamzito inaelekea kupungua. Mtu mwenye presha ya macho anaweza kupata nafuu kidogo kwa miezi tisa. Kidogo tu, ila ni nafuu.

Lakini mjamzito anayeona nyota nyota au ukungu, kichwa kikiuma, huyo apelekwe hospitali sasa hivi. Hiyo ni dalili ya hatari ya kifafa cha mimba, na hata saa ya usiku si kisingizio.

Kukoma hedhi mapema nako kuna hesabu yake. Kule Rotterdam, Uholanzi, wanawake waliokoma kabla ya miaka 45 walikuwa na uwezekano wa glakoma, ule ugonjwa wa presha ya macho, wa mara 2.6 ya waliokoma baada ya 50. Na hapa kwetu Kongwa, Dodoma, watafiti walipima watu 3,268 wenye miaka 40 na zaidi: zaidi ya 4 kati ya kila 100 walikuwa na glakoma.

Insulini nayo ni homoni, hilo ulilijua? Mtu wa kwanza kuchomwa alikuwa kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, mjini Toronto, Januari 11, 1922. Sukari ikipanda au kushuka sana lenzi ya jicho inabadilika umbo, na uwezo wa kuona unayumba. Ukianza tiba ya kisukari leo, subiri sukari itulie wiki kadhaa ndipo upimwe miwani. Utaokoa hela yako.

Sasa mkorogo! Nilijua tutafika. Baadhi ya krimu za kujichubua zina steroidi kali, ndugu wa kotisoli, na ukizipaka usoni karibu na macho kwa muda mrefu unaweza kupata mtoto wa jicho na glakoma. Ngozi inang'aa na mshipa wa jicho unakufa taratibu. Sioni biashara mbaya kuliko hiyo.

Matone ya macho yenye deksamethasoni nayo ni steroidi. Karibu mtu 1 kati ya 3 akiyatumia kwa wiki kadhaa, presha ya jicho inapanda, na wachache inapanda vibaya. Yapo madukani, yanatuliza wekundu upesi, na ndiyo maana watu wanayarudia bila kupimwa. Usimwekee mtoto matone ya jirani, hata kama yalimponya wa kwake.

Kuhusu watoto, ona hili. Ule mzio wa macho unaowafanya wasugue macho mpaka yawe ya kahawia, unawapata wavulana kuliko wasichana, na kwa wengi hufifia wakishabalehe. Homoni zinaingia, mzio unatoka.

Hata gizani jicho linafanya kazi ya homoni. Ndani ya retina kuna seli zinazopima mwanga ili mwili ujue ni mchana au usiku, na zilikuja kuelezwa vizuri mwaka 2002 tu. Ukiwasha simu kitandani saa sita usiku, zinaupa ubongo habari ya mchana, na melatonini, homoni ya usingizi, inapungua.

Na machozi? Mwaka 2011 watafiti wa Israel waliwanusisha wanaume machozi ya wanawake, bila kuwaambia ni nini. Hayakuwa na harufu yoyote, lakini testosteroni ya wanaume hao ilishuka! Mwaka 2023 wakarudi na jaribio jingine: ukali wa wanaume kwenye mchezo ulipungua kwa zaidi ya 40%. Jicho linasikiliza homoni, na kumbe nalo linajibu.

Basi fanya hivi, msomaji wangu. Ukienda kliniki ya macho, iwe Mwananyamala, Temeke au CCBRT pale Msasani, taja kila homoni unayotumia: kidonge cha majira, sindano, kijiti, insulini, dawa ya tezi dume, krimu ya usoni, homoni za kubadili jinsia. Na wewe daktari, wewe nesi, uliza kwa upole na utunze siri, kwa sababu mgonjwa akiogopa kukutajia dawa yake utatibu jicho usilolijua. Giza la ghafla, ukungu wa pembeni, kuona vitu viwili viwili, mistari iliyopinda: kwa lolote kati ya hayo nenda leo, na pakiti za dawa zako uzibebe mkononi.